Lori mtaani, tuta hakuna: malalamishi ya barabara Nakuru uyapeleke mlango gani?

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, foleni ya barabara kuu ya A8 ikishikana kuelekea katikati ya mji, makanga hugonga bodi ya matatu mara mbili na dereva huelewa: tupite ndani. Ndani ni mtaani kwetu, upande wa mashariki wa Nakuru. Matatu inakata kona, inapita mbele ya lango la shule ya msingi bila kugusa breki, na nyuma yake inafuata Probox, boda tatu, halafu lori la mchanga lenye turubai linalopepea. Watoto wamejipanga ukingoni mwa mtaro. Mmoja ameshika mkono wa mdogo wake, mkono wa pili ameshika mandazi, wanangoja mtu mzima aingie barabarani awasimamishie magari. Kwa kawaida mtu mzima huyo ni mama mboga wa pale kona, na huinua mkono akiwa bado ameshika kisu cha kukatia sukuma wiki.

Mimi ni katibu wa kamati ya wakazi wa mtaa huo. Cheo nilikipata kwa sababu siku ya mkutano wa kwanza nilikuwa na kalamu. Tangu hapo tumebisha milango mingi kuhusu kona hiyo, na tumepoteza miezi kwa kuanza na mlango usiofaa. Watu wa mitaa mingine huniuliza: twende kwa MCA, yaani mwakilishi wadi, au kwa jiji? Tuandike barua au tupeleke ombi bungeni? Ama tufunge tu barabara? Nitailinganisha milango hiyo kama tulivyoikuta, na sitajifanya kwamba sina ninaoupenda.

Kwanza ujue barabara ni ya nani

Swali hili huwaudhi watu mkutanoni. Shimo ni shimo, wanasema, mtoto akigongwa hatauliza barabara ni ya nani. Kweli kabisa. Lakini ofisi itauliza, tena ndilo swali la kwanza itakalouliza, na usipokuwa na jibu utarudishwa nyumbani.

Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, ilizipa kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani, trafiki na maegesho, na usafiri wa umma wa barabarani. Barabara kuu zikabaki kwa serikali ya kitaifa. Huko nako kuna ndugu watatu waliozaliwa na Sheria ya Barabara ya 2007: KeNHA wa barabara kuu, KURA wa barabara za mijini, KeRRA wa vijijini. Askari wa trafiki anayeweza kumsimamisha dereva wa lori naye ni wa kitaifa. Kwa hiyo katika mji kama Nakuru, unaojengeka pande zote mbili za A8, unaweza kusimama kwenye makutano mguu mmoja ukiwa kwa KeNHA na mwingine kwa kaunti.

Sisi tulianza kwa kudhani. Tulibeba barua yetu hadi ofisi moja ya barabara mjini. Kijana wa mapokezi akaisoma mpaka chini, akainuka kwa heshima.

"Mama, hii barabara si yetu."

"Ni ya nani basi, mwanangu?"

"Jaribuni wale wengine."

"Wale wengine gani?"

Akaonyesha kwa kidevu upande wa dirisha. Nje ya dirisha palikuwa na ukuta.

Namna ya kujua si ngumu, ila hakuna anayekwambia. Kama barabara ilitiwa lami karibuni, soma ubao wa mradi. Jina la mwenye kazi huwa pale juu. Pasipo ubao, muulize msimamizi wa wadi. Huyu ni mwajiriwa wa kaunti, si mwanasiasa, na kazi yake inamtembeza kila mtaa. Na uwe tayari kwa jibu la tatu ambalo Nakuru hulisikia mara nyingi: mitaa yetu mingi ilikatwa na kampuni za kununua mashamba, na kuna njia ambazo ziko kwenye ramani ya kampuni tu, hazijawahi kukabidhiwa kaunti. Hapo kazi yenu ya kwanza ni ya ardhi, trafiki itafuata.

Nyuma ya maneno "si yetu" kuna fedha pia. Tangu Julai 2024, kila lita ya petroli au dizeli unayonunua inabeba tozo ya Sh25 ya matengenezo ya barabara, na mwaka wa 2024 magavana na wabunge walivutana hadi mahakamani kuhusu Sh10.5 bilioni za mfuko huo, kila upande ukisema ni wake. Afisa anayesita kuipokea barabara yako anajua kwamba akiipokea, ameipokea na mashimo yake.

Mheshimiwa au meneja wa jiji?

Wengi huanza kwa mwakilishi wadi, na sababu zao nazielewa. Nambari yake ya simu iko kwa kila mtu. Alikuja mazishini. Anaongea lugha ya mtaa, na Agosti 2027 atahitaji kura, kwa hiyo anakusikiliza kuliko afisa yeyote mwenye mshahara wa mwezi. Tulimpigia wetu siku ya Jumapili, akafika Jumanne, akasimama pale kona na wasaidizi wawili, akatazama lori likipita. Akanigeukia: "Mama katibu, hiyo imeisha."

Haikuisha. Na sasa nikitazama nyuma, haikuwa hila. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 9, inamtaka mwakilishi awe karibu na wapiga kura wake, lakini inamkataza kujiingiza katika kazi za utendaji, au kutoa huduma kana kwamba ni mfanyakazi wa kaunti. Hawezi kuagiza rangi ya kivuko. Hawezi kumtuma mhandisi. Anachoweza ni kuuliza bungeni na kudai taarifa ya kamati, kupigania fungu la bajeti, na kumsumbua afisa husika kwa simu. Hizo ni nguvu kubwa zikitumika. Tulichokosea ni kumwomba tuta la kupunguza mwendo badala ya kumwomba aulize swali.

Ofisi ya jiji ni tofauti kwa kila hali. Nakuru ilikabidhiwa hati ya kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, ikawa jiji la nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Chini ya Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011, jiji huendeshwa na bodi pamoja na meneja wa jiji, na sheria hiyo inawapa wakazi haki ya kukutana na kupeleka mapendekezo. Hapa hakuna atakayekuahidi chochote. Utaandika, utagongewa muhuri, utangoja. Uzuri wake ni kwamba utapata faili. Mheshimiwa akibadilika 2027 ahadi yake inaondoka naye, lakini barua yenye nambari ya usajili inabaki kwenye kabati, na mtu atakayekuja baada yako anaweza kuitaja.

Nikilazimika kuchagua, naandikia meneja wa jiji na kumpa mwakilishi wadi nakala. Kinyume chake sikifanyi tena. Ukimwandikia mheshimiwa na kumpa meneja nakala, meneja anaisoma kama habari ya mtu mwingine.

Shemeji yangu anaishi Kisumu, upande wa Nyamasaria, na amenithibitishia kuwa milango ya kule imepangwa vivyo hivyo: jiji lina bodi na meneja wake, wadi zina wasimamizi, barabara kubwa zina wenyewe. Anachonizidi ni joto la saa saba mchana akiwa kwenye foleni.

Barua inayofanya kazi

Hapa nitakaa kidogo, kwa maana barua ndiyo mlango wa bei nafuu kuliko yote, na wengi huiandika vibaya. Yetu ya kwanza ilikuwa kurasa nne. Ilianza na salamu kwa gavana, ikapitia historia ya mtaa, mafuriko, takataka, taa zilizozimika, ikafika kwenye lori ukurasa wa tatu. Ningekuwa afisa, hata mimi ningeilaza.

Ya pili tuliiandika kwenye meza ya duka la vifaa vya ujenzi, mwenye duka akiwauzia wateja wake misumari juu ya karatasi zetu. Ilikuwa ukurasa mmoja. Kabla ya kuiandika, mwalimu mmoja mstaafu alikaa na kigoda pale kona siku tano za shule, saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi, na daftari la mistari. Alichora vijiti vinne vinne na cha tano kikivikata: safu ya matatu, safu ya boda, safu ya lori, safu ya watoto waliovuka. Jumatano aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu, "lori sita kabla ya saa moja." Tuliambatisha nakala ya kurasa hizo zilivyo, na doa la chai juu yake. Pamoja nazo picha tatu na mchoro wa kona: lango la shule, mtaro, kibanda cha mama mboga, mshale wa matatu zinakotokea.

Jambo la pili tulilobadilisha ni ombi lenyewe. Kwenye barua ya kwanza tuliagiza tuta. Kwenye ya pili tuliomba mhandisi aje apime na atueleze kinachofaa. Tofauti inaonekana ndogo. Lakini tuta si dawa ya kila kona: likiwekwa kwenye mteremko bila alama, mtu wa boda anayepita usiku huruka nalo, likiwekwa pasipo mfereji, maji ya mvua husimama hapo hadi lami ichimbike. Huenda kinachohitajika ni kivuko kilichoinuliwa, au alama ya kuzuia lori, au nguzo za kufanya njia iwe nyembamba. Ukiagiza tuta, afisa anaweza kukujibu hapana na akawa na hoja. Ukiomba apime, kukataa kwake hakuna maelezo.

Sheria iko upande wako kuliko unavyodhani. Kifungu cha 88 cha ile Sheria ya Serikali za Kaunti kinampa mwananchi haki ya kuiandikia serikali ya kaunti kuhusu jambo lolote lililo chini yake, na cha 89 kinazitaka mamlaka zijibu upesi. Peleka nakala mbili, moja waache, nyingine wakugongee muhuri wenye tarehe. Usiondoke bila muhuri hata ukiambiwa mwenye muhuri ameenda chai. Mimi nilimngoja saa moja na nusu. Chai ya huyo bwana ilikuwa ndefu, lakini tarehe niliipata.

Wakikaa kimya, usiandike barua ya matusi. Andika nyingine chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, uombe kuona jambo mahususi: barabara yenu imepangiwa fedha kiasi gani, au mchoro wake uko wapi. Afisa ana siku 21 za kujibu, na saa 48 kama habari inahusu maisha au uhuru wa mtu. Akipuuza, unaipeleka kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayopokea malalamishi dhidi ya ofisi za umma. Nimeona ofisi iliyonyamazia barua mbili za kuomba tuta ikijibu ya habari ndani ya wiki mbili.

Ombi la bunge la kaunti

Kijana wetu mmoja anayesomea sheria alitaka turukie huku moja kwa moja. Haki ipo: kifungu cha 15 cha Sheria ile ile ya Serikali za Kaunti kinamruhusu mtu yeyote kuliomba bunge la kaunti lishughulikie jambo lililo ndani ya mamlaka yake. Na sauti ya ombi ni kubwa. Linasomwa ukumbini, linapewa kamati, kamati inaweza kumwita waziri wa barabara wa kaunti na kumhoji mbele ya watu, pengine hata ikaja kuona kona.

Lakini ukililinganisha na barua, ombi ni mzigo. Lazima liandikwe kwa lugha ya adabu, kwa Kiswahili au Kiingereza, bila kufutafuta. Mada iandikwe kwenye kila ukurasa. Kila mwombaji aweke jina, anwani, nambari ya kitambulisho na sahihi au alama ya kidole. Mwishoni useme wazi unachoomba. Useme kama jambo liko mahakamani. Na useme ulikwishajaribu wapi, na ulijibiwa nini.

Hicho kipengele cha mwisho ndicho kilichomnyamazisha kijana wetu. Asiye na barua yenye muhuri hana cha kuandika hapo. Ombi linapanda juu ya barua, haliwezi kuishika nafasi yake.

Zaidi ya hayo, kukusanya sahihi mtaani ni kazi ya viatu. Watu wako tayari kulalamika, ila nambari ya kitambulisho hawaitoi ovyo. Mzee mmoja aliniuliza, "Binti yangu, hii si ya mkopo?" Simlaumu; amewahi kutia sahihi karatasi ya watu. Na ukimaliza yote, kamati hutoa mapendekezo. Haina simiti.

Ningelipendekeza kwa jambo linalovuka wadi. Kwa mfano, lori zizuiwe saa za shule kwenye mitaa yote iliyo kando ya A8, au steji ihamishwe. Bunge la Nakuru lina wadi 55, na malalamishi ya kona moja humo ni kama kikohozi sokoni. Mitaa mitano ikija na ombi moja, wawakilishi kadhaa wanalisikia kama lao.

Mlango unaofungwa mapema

Hakuna mlango unaodharauliwa kama wa bajeti, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliodharau. Tangazo linakuja, ukumbi wa wadi, saa tatu asubuhi, siku ya kazi. Wanaokwenda ni wale wale: wazee wa kijiji, vijana wawili wanaotafuta nauli, na mtu mmoja mwenye faili nene ambaye kila mtu anamwogopa. Huyo mwenye faili ndiye hupata vitu.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini Julai si wakati wa kuomba. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata ufike bungeni ifikapo tarehe 1 Septemba, karibu miezi kumi kabla. Tarehe 28 Februari ni zamu ya taarifa ya mwelekeo wa fedha, ambapo idara hugawiwa viwango. Kufikia 30 Aprili makadirio ya bajeti yako mbele ya bunge. Mtu anayefika Mei na wimbo wa "tunataka lami" anakuta chungu kimeshaepuliwa. Juu ya yote hayo kuna ule mpango wa miaka mitano, wa sasa ukiwa wa 2023 hadi 2027, na mradi usiokuwemo una kazi ya ziada kujieleza.

Mwaka wa kwanza tulifika Aprili. Mwaka wa pili tulifika Agosti, na hatukusema "barabara zetu ni mbovu". Tulitaja kona moja, tukaonyesha daftari la mwalimu, tukaonyesha barua yenye muhuri na majibu yake, tukaomba mstari mmoja: kivuko kilichoinuliwa na njia ya miguu hadi lango la shule. Karani aliandika. Nilimwomba anisomee alichoandika, akasoma "ukarabati wa barabara za wadi." Tukarekebisha papo hapo. Ukienda mkutano wa bajeti, usiondoke kabla ya kusikia sentensi yako ikisomwa, kwa sababu "barabara za wadi" zitaishia mbele ya nyumba ya mtu mwingine.

Barua inafaa kwa kitu cha rangi na bati: alama, kivuko, taa. Kitu cha simiti na lami kinahitaji bajeti. Wengi huandika barua kumi wakiomba kitu ambacho afisa hana fungu lake, halafu wanasema serikali haisikii.

Kama tatizo ni dereva

Kuna siku tuligundua kwamba nusu ya shida yetu haikuwa ya barabara. Kikomo cha mwendo ndani ya mji ni kilomita 50 kwa saa, kiwe na bango au kisiwe. Kwa hiyo anayepita pale kwa 70 ana kosa tayari, wala jiji halihitaji kupitisha chochote.

Polisi wa kituo watakuja ukimwandikia mkuu wa kituo, na siku wanapokuja magari hutembea kama harusi. Kesho yake hawapo. Usiwalaumu sana, wana A8 nzima. NTSA, mamlaka ya kitaifa ya usafiri na usalama barabarani, ndiyo yenye leseni za matatu na za madereva, kwa hiyo kwa gari linalorudia makosa, nambari ya usajili, tarehe na saa ni silaha nzuri, ila ni ya polepole.

Upesi tuliupata pahali ambapo hakuna aliyetutuma: ofisi ya Sacco, chama cha wenye matatu. Matatu haiwezi kubeba abiria bila kuwa chini ya Sacco au kampuni, na jina liko ubavuni mwa gari. Mimi na mama mboga tulikwenda steji tukiwa na orodha ya nambari nane. Mwenyekiti alitukalisha kwenye benchi la mbao, akaagiza soda, akasoma orodha, akampigia dereva wa kwanza mbele yetu. "Unapita shule kama ambulensi, umebeba nani?" Kwa wiki saba hivi magari yao yalipita polepole. Kisha wakaja madereva wapya na tukarudi tena. Dawa hii hutibu na kurudi kama malaria, lakini hugharimu nauli tu.

Boda walikuwa rahisi zaidi. Mwenyekiti wao ni mtoto wa mtaa, na watoto wake wanasoma pale pale. Sasa wawili kati yao husimama kwa zamu na jaketi zao za kung'aa saa za kuvuka. Hakuna sheria iliyowalazimisha.

Lori ni hadithi nyingine. Halina Sacco, dereva hatumjui, mwenye mchanga ni mtu wa ujenzi mahali fulani. Kwa lori utarudi kwa alama ya kuzuia, yaani kwa jiji, na kwa polisi wa kuisimamia. Tangu upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit uzinduliwe Novemba 2025, mitaa yote iliyo kando ya A8 ina sababu ya kulifikiria hili mapema, maana mchanga na kokoto vitapita mahali.

Mawe, mitandao na mahakama

Tuta la kienyeji tulilijaribu kabla ya kamati kuwepo. Vijana walimwaga udongo na mawe Jumamosi usiku. Jumatatu mwendeshaji boda alianguka hapo akavunjika mkono, na hakuna aliyejitokeza kusema lile tuta ni lake. Mvua za Aprili zikalichukua. Mbali na hatari hiyo, kujenga kitu kwenye barabara ya umma bila kibali ni kosa, na anayekuwa mshtakiwa ni wewe, si dereva.

Maandamano ni haki chini ya kifungu cha 37 cha Katiba, na kifungu hicho hicho kinataja kuwasilisha maombi kwa mamlaka. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka mkuu wa kituo ajulishwe siku tatu kabla angalau, zisizidi 14, na yafanyike kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Kuchoma magurudumu barabarani hakumo. Ningeyaweka kwa siku ambayo Mungu apishe mbali, na hata siku hiyo ningebeba zile nakala zenye muhuri mkononi.

Mitandaoni? Video ya lori ikipita sentimita chache kutoka kwa mtoto itasambaa kabla ya chai ya saa nne, na huenda ikamleta afisa kuliko barua tatu. Ya kwetu ilimleta mtu na kamera yake mwenyewe, akapiga picha akiwa na watoto, akaondoka. Ukitumia njia hii, funika nyuso za watoto na uandike nambari ya usajili wa barua yako chini ya video, ili anayekuja ajue faili ya kufungua. Mahakama sitaizungumzia kwa undani: ni ghali kwa kona moja, na ukiwa na kesi, ombi la bunge linakuwa gumu.

Ilivyo sasa

Mhandisi alikuja, miezi mitano baada ya barua ya pili. Alikuwa mama mdogo mwenye buti na gurudumu la kupimia, akalisukuma kutoka kona hadi lango la shule, akarudi, akaandika. Akaniambia tuta mahali tulipotaka lingemwaga maji kwenye darasa la kwanza. Kwa wakati huo angeweza kutupa kivuko cha rangi na mabango mawili. Kilichoinuliwa kingengoja bajeti. Kiko kwenye mpango, nimekiona kwa macho yangu, na mwezi wa nane tutakwenda tena ukumbini kuhakikisha hakijageuka "barabara za wadi".

Lori bado zinapita. Kivuko kilichorwa likizo ya Desemba, mistari minane. Mama mboga bado husimama, ingawa siku hizi kisu hukiacha kibandani. Rangi imeanza kufutika kwenye mistari miwili tu, ile ya upande wa kutokea A8, pale magurudumu ya matatu yanapofunga breki.